Neno la Jumanne

Jumanne, saa nane, juu ya duka la chakula cha vifaranga,
soko la Kibuye likipiga kelele chini yetu,
Mwalimu Lumbasi ameandika ubaoni: *die Blamage*.
Chaki ikamvunjikia kwenye g.

Kerubo alilisoma kama jina la dawa ya minyoo.
Apondi wa Seme akameza nusu yake.
Mimi nikaitafuta ile sauti iliyo kati ya sha na ja,
sauti ambayo mdomo wangu haujawahi kuipangisha chumba.

"Limetoka Ufaransa," mwalimu akasema,
kisha akasita, maana ni mtu mkweli.
"Si lote. Kitambaa ni cha Wafaransa, mshono wa Wajerumani.
Mpelekee Mfaransa leo, atakutazama tu."
Tukacheka, tukachungulia dirishani:
robota linafunguliwa,
gauni lenye lebo ya Paris, lililoshonwa haijulikani wapi,
linanadiwa hamsini, hamsini,
na mama mmoja amekwisha kulivaa juu ya leso.

Na maana?
Kamusi inasema fedheha. Kuumbuka mbele ya watu.
Mbele ya watu, mwalimu alirudia, akipiga ubao kwa kidole;
ikiwa ni peke yako gizani, tafuta neno jingine.
Akazunguka darasa, kila mtu atoe la kwao.
Kerubo: *chinsoni*.
Khavere, mwanamume pekee kati yetu: *zisoni*.
Wakatazamana kama ndugu waliopotezana utotoni.
Mimi nikasema *wich kuot*,
kichwa kuvimba.
Sikusema kilivimba lini.

Oktoba.
Nairobi, ghorofa ya tatu, chumba chenye zulia,
bibi mwenye miwani ananiuliza kwa upole
wikendi yangu huwa naipitishaje.
Mimi, niliyewapokea watoto watano usiku mmoja Ahero,
stima imepotea, tochi ya simu nimeing'ata kwa meno,
nilikosa la kusema kuhusu wikendi.
Saa ya ukutani ndiyo iliyojibu.

Na kanisa lilikuwa limekwisha kuniaga.
Harambee ilifanywa, keki ikakatwa,
nikanunuliwa sanduku la buluu lenye magurudumu
kana kwamba mtihani ni daraja tu, ukifika unavuka.
Niliporudi nalo nilishuka kabla ya kituo chetu,
nikapita nyuma, kwenye kingo za mashamba ya mpunga,
nimelibeba kichwani
ili magurudumu yasiseme.
Mtoto mmoja anayefukuza ndege aliniona.
Hakunisalimu. Alirusha donge la tope upande mwingine,
ndege wakaruka wote, nikapita.

Mama hakuuliza.
Asubuhi alilifungua, akatia mbegu za msimu ujao,
akafunga zipu.
Panya wamelishindwa hadi leo.

"Na kwa nini ni la kike?" Kerubo anauliza.
"Sarufi," mwalimu anajibu, "haina sababu."
Khavere akacheka peke yake,
akaona amecheka peke yake,
akafungua daftari.

Wingi wake ni rahisi, unaongeza n.
Nimeandika. Halafu nikabaki na kalamu hewani
nikifikiria letu, hili aibu,
lisiloongezwa kitu:
iwe moja, ziwe mia, lenyewe halitikisiki,
ila jirani yake ndiye anayebadilika,
yangu, zangu.

Chini wamelinunua lile gauni. Mia moja na ishirini.
Mtihani ni tarehe kumi na tisa.
Njia nzima kwenda nyumbani ninasema taratibu,
kwa lugha yao, kila kitenzi mahali pake,
boda wanapita, wanadhani ninaomba:
wikendi, bibi, mimi hupalilia mpunga.